Gari Husafishwa kwa Kadi

Juma lile nililorudisha aproni yangu, vijana wa karakana waliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani, kabla ya mashine za kurusha maji na kabla ya simu za kulipiga gari picha likiwa bado langoni. Nilidhani wananitania, maana kwa miaka mingi walikuwa wakikimbia nilipoanza hadithi zangu. Lakini waliniletea kalamu na karatasi, tena karatasi nzuri, basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara siyaweki humu. Vyeo vilikuwa viwili tu, aliyeshika ndoo na aliyeshika penseli, na mshahara kila mtu anajua wake ulivyokuwa.

Naitwa Rose Anyango. Niliingia karakana ya Bwana Ramesh hapa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa msichana niliyejua cherehani na si kitu kingine. Karakana ilikuwa karibu na reli, upande wa kuteremkia ziwani. Mbele walifungua injini. Nyuma kulikuwa na uwanja wa saruji wenye mtaro katikati, na hapo ndipo magari yalioshwa, yakapigwa nta na kusafishwa ndani. Mimi niliajiriwa kushona vitambaa vya viti. Cherehani niliyoahidiwa ilikuwa mbovu, na fundi wake alikuwa anakuja kesho. Alikuwa anakuja kesho kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana nikajifunza kusafisha magari.

Aliyenipokea ni msimamizi wa uwanja wa nyuma, Bwana Habibu. Alikuwa mtu wa mtaa wa Kaloleni hapa mjini, baba yake kutoka pwani, mama yake Mjaluo wa Seme, na yeye mwenyewe alizungumza lugha zote mbili kwa upole uleule. Alivaa kofia nyeupe ya kufuma na shati lililopigwa pasi, hata siku ya kuosha lori la makaa. Zamani alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli za ziwani, zile zilizokuwa zikienda Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, meli ziligawanywa, na yeye akabaki nchi kavu. Huko melini kila chumba kilikuwa na kadi nyuma ya mlango: shuka, birika, dirisha, chini ya kitanda. Bwana Habibu alikuja na jambo hilo karakana, akaliweka kwenye magari.

"Meli ikitia nanga," alituambia, "kuna abiria wanashuka na wengine wako kwenye ngazi wanangoja kupanda. Hapo huna nafasi ya kukumbuka. Kadi inakumbuka, wewe unafanya."

Siku yangu ya kwanza sikupewa kitambaa wala ndoo. Nilipewa kikombe cha bati kilichojaa maji.

"Binti," akasema, akinionyesha Pijo kuukuu iliyoegeshwa pembeni, "mwaga juu ya gari hilo, kidogo kidogo. Halafu uniambie maji yamepita wapi."

"Yamepita chini, Mzee," nikajibu baada ya kikombe kimoja.

"Chini wapi?"

Nikajaza kikombe tena. Asubuhi nzima nilizunguka gari lile nikimwaga maji na kuyafuata kwa macho, huku mafundi wa injini wakisimama na spana zao kunicheka. Mmoja aliniuliza kama nalibatiza. Lakini kufikia saa ya chakula nilijua mambo ambayo wao hawakuyajua. Maji hufuata kijifereji cha juu ya mlango. Huingia kwenye mpira wa dirisha na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini ya mlango, na vitundu hivyo vikizibwa na vumbi, mlango hujaa maji kama mtungi. Hujificha nyuma ya kioo cha pembeni, halafu hutiririka ukiwa umeshamaliza kukausha na mwenye gari anatazama. Nilimweleza Bwana Habibu yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio akanipa.

"Sasa unaweza kuandika kadi," akasema.

Na kweli tuliandika pamoja. Kwanza ndani: toa mazulia, piga viti vumbi, futa dashibodi, brashi ya meno kwenye matundu ya hewa. Baada ya ndani, magurudumu, kwa sababu ukiyaosha mwisho utarusha tope kwenye bodi uliyokwisha kuisafisha. Halafu bodi, kutoka paa kushuka chini. Halafu milango yote ifunguliwe na vile vitundu vifutwe. Vioo mwisho kabisa, kwa gazeti kavu. Kila mstari ulikuwa na kisanduku cha kutia alama. Bwana Habibu alikuwa na sheria moja kuhusu alama hizo: hakuna anayejitilia. Aliyefanya kazi husogea kando, na mwenzake huangalia kisha hutia alama.

Ouko hakuipenda sheria hiyo. Ouko alikuwa mwoshaji hodari kuliko sote, kijana wa Kondele mwenye mabega mapana, aliyeweza kulikausha gari zima kwa ngozi laini kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati. "Mzee," alilalamika, "sasa huyu msichana wa cherehani ndiye ataangalia kazi yangu?"

"Ataangalia yako, na wewe utaangalia yake," Bwana Habibu akamjibu. "Macho ya mtu huchoka na kitu alichokifanya mwenyewe."

Ukutani alitundika ubao uliopigwa misumari kwa safu. Kila gari lilikuwa na kibati chake, na kila msumari ulikuwa hatua moja ya kazi. Gari likitoka ndani kwenda magurudumu, kibati kinahama. Mteja akifika na kuuliza gari lake liko wapi, hakuna aliyekimbia huku na huku, tulitazama ubao. Bwana Ramesh, aliyekuwa akidharau mambo ya uwanja wa nyuma, alianza kuja kusimama mbele ya ubao ule kila asubuhi na chai yake. Alitazama tu vibati vikihama, uso wake ukiwa wa mtu anayesikiliza taarabu.

Kazi ngumu ya kwanza ninayoikumbuka ni gari la samaki. Mzee mmoja wa Bondo alikuwa amelitumia Pijo lake la nyuma ndefu kubebea samaki aina ya mbuta kutoka ufuoni, msimu baada ya msimu. Sasa binti yake alikuwa anaolewa, na mzee alitaka bibi harusi aende kanisani ndani ya gari hilo. Lilipoingia uwanjani, mafundi wa injini walifunga madirisha yao, nao kwa kawaida hunusa dizeli kutwa nzima bila kulalamika.

Wengine wangelimwagia manukato. Ouko alipendekeza hivyo hasa. Bwana Habibu alikataa. "Harufu si kitu cha kufunika," alisema. "Harufu ni maji ya samaki yaliyokwenda mahali. Rose, maji yalipita wapi?"

Tuliandika kadi ya gari lile peke yake. Tuling'oa viti, zulia, na vifuniko vya milango, tukafungua vizibo vya sakafuni. Tulisugua kwa magadi, tukasuuza kwa maji ya siki, tukaanika kila kitu juani. Mimi nilifumua vitambaa vya viti nikavifua na kuvishona upya kwa mkono, maana fundi wa cherehani bado alikuwa anakuja kesho. Mwishowe pua zetu sote zilisema tayari. Bwana Habibu akasema pua zetu zimeshazoea, haziaminiki tena. Akatoka, na aliporudi alikuwa amekumbatia paka wa mama mmoja aliyekaanga samaki karibu na soko.

"Huyu ndiye atatia alama ya mwisho," akasema.

Tulimweka paka ndani, tukafunga milango. Akazunguka, akanusa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, penye gurudumu la akiba, akaanza kukwaruza na kulia. Tulipoinua gurudumu na kufungua bati lililokuwa chini yake, tulikuta kidimbwi kizito ambacho hata leo sitakieleza. Tukasafisha upya, tukaanika upya. Siku iliyofuata paka alirudishwa. Alizunguka mara moja, akapanda kiti cha nyuma, akajikunja, akalala. Ouko alicheka mpaka akakaa chini, halafu akachukua kadi na kuchora alama ya unyayo wa paka kwenye kisanduku cha mwisho. Mzee wa Bondo alipokuja kuchukua gari lake alikaa pale alipolala paka, akavuta pumzi ndefu, na machozi yakamtoka. "Sasa mtoto wangu ataingia," alisema. Hatukumwambia habari za paka.

Nisiwaache mkadhani kwamba kadi zilikuwa za kutufaa sisi peke yetu. Bwana Habibu alikuwa na kiolezo cha gari, umbo la gari likionekana kutoka juu na kutoka pembeni, alilolikata kwenye bati la debe la mafuta ya kupikia. Gari likiingia, uliweka kiolezo kwenye karatasi, ukalichora kwa penseli, kisha ukazunguka na mwenye gari mkitia alama kila mkwaruzo na kila palipobonyeka. Yeye na wewe mnatia sahihi. Wateja walifikiri ni mchezo, mpaka karatasi hiyo ilipohitajika.

Siku moja gari jeupe la mwalimu mkuu wa shule moja lilikuwa limekamilika, linang'aa, naye alikuwa njiani kulichukua. Bwana Habibu alilikagua kwa karatasi mkononi, akasimama kwenye mlango wa nyuma. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kwenye karatasi haukuwapo. Ndoo ya mmoja wetu ilikuwa imepita karibu mno.

"Hataona, Mzee," Ouko akanong'ona. "Hata mimi sioni vizuri."

Mwalimu alipofika, kabla hajazungumza, Bwana Habibu alimwongoza moja kwa moja hadi kwenye ule mlango. "Mwalimu, gari liliingia bila hili, na linatoka nalo," akasema. "Ni letu. Tuachie mpaka kesho tulirekebishe."

Mwalimu aliinama, akatafuta, akashindwa kuuona mpaka alipoonyeshwa kwa kidole. "Ningefika nyumbani bila kujua," akasema.

"Ndiyo. Lakini karatasi ingejua," Bwana Habibu akamjibu.

Tangu siku hiyo mwalimu huyo hakuwahi kwenda kwingine, na walimu wake wote wakawa wetu. Lakini kilichobaki na mimi si hicho. Ni kwamba nilimwona mtu mzima akiiamini kazi yake kiasi cha kuikubali hata iliposema vibaya juu yake.

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikazaa, nikarudi uwanjani. Fundi wa cherehani hatimaye alifika, akatengeneza cherehani, na sikuwa na haja nayo tena. Ouko naye akaoa, akapata watoto, akaacha kulalamika kuhusu alama. Bwana Habibu alianza kuwa na mvi, na magoti yake yakawa yanatoa sauti alipochuchumaa kukagua magurudumu. Sasa nifike kwenye mvua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ilinyesha mvua ambayo kila mtu wa rika langu huku ziwani anaikumbuka. Visima vilifurika, vyoo vilifurika, na viwili hivyo vikakutana. Kipindupindu kikaja. Mitaa kadhaa ya mji na vijiji vya ufuoni ilikuwa na wagonjwa, na hospitali moja ya misheni nje ya mji ilikuwa ikiwabeba kwa Landrova zake mbili kutoka kila upande.

Ijumaa moja Bwana Habibu alitoka msikitini akateremka ufuoni kunyoosha miguu, mahali ambapo madereva huingiza magari majini kuyaosha. Pale alikuta Landrova mojawapo imeingizwa ziwani, milango ya nyuma wazi, na dereva anasukuma maji nje kwa ufagio. Hatua chache kutoka pale, kina mama walikuwa wakijaza mitungi.

Alitusimulia baadaye. Alimwuliza dereva, "Kijana wangu, gari hili limebeba nani?"

"Wagonjwa, Mzee."

"Wa nini?"

Dereva akainamisha kichwa. "Mzee, hospitali maji imekatika. Nimezunguka mji yote, hakuna mtu anataka kuosha hii gari. Wananifukuza na mawe. Wewe niambie, niende wapi?"

Bwana Habibu hakuwa na hasira na yule dereva. Kilichomchoma ni kwamba swali lilikuwa la haki, na lilikuwa la kazi yetu.

Alituita sote mbele ya ubao. Alisema anataka tuyasafishe magari hayo. Ouko ndiye aliyesema tulichokuwa tukifikiri wote.

"Mzee, wewe unajua nakuheshimu. Lakini hiyo gari mimi siwezi gusa. Niko na watoto."

Bwana Ramesh alikuwa amesikia kutoka ofisini, akatoka nje haraka. "Habibu, gari ya kipindupindu ikiingia hapa, wateja yangu wote wanaenda. Wote! Nifunge?"

"Halitaingia hapa, Bwana Ramesh," akajibu bila kupandisha sauti. "Sisi ndio tutakwenda huko. Nakuomba tangi lako la maji tu, lile la magurudumu."

Bwana Ramesh alisimama akitazama ubao, vibati vyote vikiwa vimetulia mahali pake. Kisha akasema, "Chukua na pikapu ya kulivuta. Na gambuti ziko stoo. Chukua zote." Akarudi ofisini akafunga mlango. Sijawahi kusahau.

Tulifika hospitalini, Bwana Habibu na mimi, kabla ya kushika chochote. Muuguzi mkuu alikuwa Sista Perpetua, mtawa mfupi mwenye macho yaliyokosa usingizi. Bwana Habibu alikuwa ameshaandika kadi, mstari kwa mstari, akampa aisome. Sista alisoma amesimama, kisha akaomba penseli.

"Bwana Habibu, hii ni kazi nzuri sana. Lakini umeanza na sabuni. Hapa anza na dawa ya klorini. Imwage juu ya uchafu ukiwa hapohapo, ungoje ifanye kazi, ndipo ufute. Halafu uoshe. Halafu dawa tena. Ukisugua kwanza, utajirushia."

Nilimtazama Bwana Habibu. Kadi hizo alikuwa akiziandika tangu kabla sijamjua. Aliichana ile kadi vipande viwili, akatoa nyingine tupu, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. "Niambie polepole, Sista," akasema, "niandike yote."

Kadi mpya ilikuwa tofauti na zote tulizowahi kuwa nazo. Shimo la maji machafu lichimbwe mbali na kisima. Kamba ivutwe uwanjani: upande huu mchafu, upande ule safi, na hakuna ndoo wala kitambaa kinachovuka. Mmoja ndani ya gari, mmoja wa kummiminia, mmoja wa kusoma kadi kwa sauti na kutia alama, bila kugusa kitu. Glavu, gambuti, aproni ya mpira. Hakuna kula wala kunywa mpaka mikono imeoshwa na mwenzako amekuangalia. Ilitakiwa tuwe watatu. Tulikuwa wawili.

Jioni Bwana Habibu aliitundika kadi ile ukutani karakana. Ouko alienda akaisoma. Akauliza, "Huyu wa kumimina anasimama wapi?" Bwana Habibu akamwonyesha kwenye mchoro wa kiolezo. "Na huyu wa ndani akitoka, anatokea upande gani?" Akamwonyesha. Aliuliza hivyo mpaka mstari wa mwisho. Halafu akajikuna shingo.

"Sasa naona mahali pa kusimama," akasema. "Mimi nitaingia ndani. Nyinyi mko wazee."

Mimi nilikuwa mdogo kwake.

Tulifanya kazi ile kwa wiki nyingi. Asubuhi Landrova zilikuja zikiwa katika hali ambayo mwanzoni ilinifanya nigeuze uso, na baadaye ziliondoka zikinuka klorini na jua. Madereva hawakwenda ziwani tena. Mimi nilisoma kadi, Bwana Habibu alimimina, na Ouko alikuwa ndani amepiga magoti, akijibu kila mstari kwa sauti: "Chini ya kiti, tayari! Reli ya mlango, tayari!" Wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu walikaa barazani wakimsikiliza. Walifika mahali wakawa wanaitikia pamoja naye.

Kisha asubuhi moja Ouko hakuja.

Landrova iliingia, dereva akaruka chini bila kutuamkia. Wahudumu wakafungua mlango wa nyuma. Aliyekuwa amelala sakafuni, macho yameingia ndani, midomo imekauka, alikuwa Ouko. Alijaribu kuniambia kitu, sauti haikutoka. Wakambeba mbio kuingia wodini.

Bwana Habibu alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi. "Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye nilimpa mahali pa kusimama."

Nilichukua kadi nikaipitia yote kwa kidole, nikitafuta mstari tuliouruka, nikiomba nisiupate. Baadaye Sista alitoka akifuta mikono. Alisema mke wa Ouko pia yuko wodini, na majirani wa ploti yao, watu ambao hawakuwa wamekaribia Landrova kamwe. Kisima chao cha Kondele kilikuwa kimeingiliwa na maji ya choo. "Hakukipata hapa," alisema. "Bwana Habibu, unanisikia? Si hapa."

Alimsikia. Lakini hakuinuka mpaka mimi niliposema, "Mzee, gari linangoja. Kuna wagonjwa ufuoni Dunga wanalitaka." Ndipo aliposimama, akavaa glavu, akaingia ndani yeye mwenyewe, na magoti yale yake. Mimi nilimimina, dereva akasoma kadi. Kila mstari Bwana Habibu aliujibu kwa sauti nzito, kama Ouko, na barazani wagonjwa waliitikia. Sikuweza kuzuia machozi, na glavu nilizovaa hazikuniruhusu kujifuta.

Ouko alipona, na mke wake pia. Watoto walikuwa kwa nyanya yao Yala wakati wote huo, Mungu ni mwema. Alirudi kazini amekonda, shati linaning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Bwana Habibu alimkumbatia, akamtafutia kiti, akamkataza kushika ndoo. Ouko hakukaa. Alienda moja kwa moja kwenye Landrova ileile iliyomleta, ambayo sasa ilikuwa imemalizika, kadi yake imejaa alama.

"Mzee, kuna mahali tumesahau," akasema.

"Wapi?"

"Huwezi kuona ukisimama. Hata ukipiga magoti huwezi. Ingia, ulale."

Akaingia yeye kwanza, akalala chali sakafuni kama alivyoletwa. Bwana Habibu alivua kofia yake, akaishika kifuani, akapanda polepole akalala kando yake. Mimi nilisimama mlangoni na kadi.

"Juu hapo," Ouko akamwambia. "Karibu na taa."

Niliinama nikachungulia. Kwenye dari palikuwa na alama ya kiganja cha mtu, vidole vyote vitano, imekauka ikawa ya rangi ya udongo. Mgonjwa fulani alikuwa amejishikilia gari liliporuka shimo. Paa nje tulikuwa tumeliosha kila siku. Dari ya ndani haikuwa kwenye kadi. Sisi sote tulifanya kazi tumeinama, tukitazama chini.

"Hiyo mkono niliangalia njia yote," Ouko alisema. "Nilikuwa siwezi kugeuza kichwa. Nikawa najiuliza, huyu mtu alipona ama alikufa?"

Wote wawili walikuwa wakitazama juu. "Rose," Bwana Habibu akasema, "andika. Lala mahali pa mgonjwa, angalia juu."

Niliandika, na mstari huo haujawahi kutoka kwenye kadi ya gari lolote la wagonjwa nililolisimamia baada yake. Vijana wengine walinung'unika kwamba ni kuchafua ovaroli. Niliwaambia kama ovaroli yako inachafuka ukilala, basi gari halijawa safi.

Lakini siku ile wawili wale hawakuinuka. Walibaki wamelala, Bwana Habibu akimwuliza Ouko ni nini kingine alichokiona kutoka pale chini, Ouko akimwonyesha kwa kidole, mimi nikiandika. Sista Perpetua alitokea kwenye kona ya wodi, akaona viatu vya watu wawili vimechomoza kwenye mlango wa nyuma wa gari, akaja mbio akishikilia kitambaa cha kichwa.

"Kuna nini? Nani amezidiwa?"

"Hakuna, Sista," Bwana Habibu akajibu kutoka ndani. "Tunakagua."